Trei za Mayai Hazizuii Ngoma, Acheni Kudanganyana

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na wengine mmeniuliza kama nimeacha programu nikawa fundi wa mjengo. Ni kweli kidogo. Mchana ningali naandika programu kama kawaida, lakini jioni na wikendi nimekuwa nikijenga chumba cha kupigia drami nyumbani, chumba kisichopitisha sauti. Kazi imekwisha, kidole kimoja bado kina bendeji, na nina hasira. Leo nitagombana na watu wengi, nikianza na mimi mwenyewe.

Nasema hivi: sehemu kubwa ya ushauri unaozunguka kuhusu kuzuia sauti nyumbani ni uongo. Trei za mayai ni uongo. Sponji yenye vilima vilima ni uongo. Mazulia ukutani, mapazia mazito, magodoro ya zamani, yote ni uongo ikiwa unachotaka ni jirani asikusikie. Na ubaya wa uongo huu ni kwamba anayeuuza hapati hasara, anayeununua anapata hasara ndogo, na anayelipa zaidi ni mtu wa tatu ambaye hakuulizwa.

Huyo mtu wa tatu namjua. Nitawaeleza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimepanga nyumba Kasarani, orofa ya tatu. Nilikuwa nimenunua seti ya drami ya mtumba: ngoma ya kanyagio, snea, tomu tatu na matoazi. Nikatazama video moja, nikatazama ya pili, na kama ilivyo desturi yetu sisi waandishi wa programu, nikanakili na kubandika bila kuuliza kwa nini. Trei za mayai nilizikusanya kwa wauza chipsi. Sponji niliinunua kwenye duka moja mjini, na muuzaji akaniapia kwamba haipitishi sauti kabisa. Jumla nilitumia shilingi 23,000. Jumamosi nzima nilibandika ukuta kwa ukuta. Nilipomaliza nikapiga makofi katikati ya chumba. Mwangwi haukuwepo! Nikajisifu. Nikapiga picha nikawatumia marafiki.

Jumanne yake saa tatu asubuhi nikaanza mazoezi. Jumatano pia. Alhamisi mlango ukabishwa. Alikuwa jirani wa orofa ya pili, mama mmoja muuguzi, amejifunga leso na macho ni mekundu. Akaniambia, "Kijana wangu, nimetoka wodini saa mbili. Nikilala, hiyo ngoma yako inapigwa ndani ya mto wangu. Usiku napima dawa za watoto wachanga. Hiyo si kazi ya mtu aliyelala saa moja."

Mimi badala ya kuomba radhi nikabishana naye. Ndiyo, nilibishana na muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Nikamwambia, "Mama, lakini nimezuia sauti, nimetumia pesa nyingi, hebu ingia ujionee." Akaingia. Akatazama trei, akaigusa sponji kwa kidole. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mimi silali huku. Nalala kule chini."

Nikashuka naye. Nilimwachia binamu yangu vijiti na kumwambia akanyage kanyagio kama kawaida. Kikombe kilichokuwa juu ya meza ya yule mama kikaanza kulia kwenye kisosi chake. Nilipima kwa programu ya simu nikapata desibeli 68, chumbani mwake, mlango ukiwa umefungwa. Siku nilipobandua trei na sponji zote nilipima tena mahali pale pale. 68. Shilingi 23,000 hazikuwa zimepunguza hata moja.

Sasa sikilizeni. Sisi wenye kuandika programu tuna kanuni moja ambayo kila mtu anaijua na wachache wanaifuata: programu hujaribiwa upande wa mtumiaji. Haijalishi inafanya kazi vizuri namna gani kwenye kompyuta ya aliyeiandika. Ukuta ni hivyo hivyo. Mtumiaji wa ukuta wako ni jirani yako. Mimi nilijaribu ukuta wangu kwa kupiga makofi nikiwa ndani, nikafurahi, nikatangaza kwamba kazi imekwisha. Ningekuwa mwanafunzi wangu mwenyewe ningejipa sufuri.

KUFYONZA NA KUZUIA NI KAZI MBILI

Kosa lote linaanzia hapa. Sauti ikigonga ukuta, sehemu yake inarudi ndani, sehemu inapotea kama joto kidogo sana, na sehemu inapita kwenda upande wa pili. Vitu laini kama sponji vinapunguza ile inayorudi ndani. Ndiyo maana mwangwi unapotea na wewe unahisi chumba kimetulia. Lakini jirani hana habari na mwangwi wako. Yeye anapokea ile iliyopita.

Jambo hili si geni. Mwaka 1895 mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, aliombwa atafute dawa ya ukumbi wa mihadhara wa Fogg ambamo maneno hayakusikika vizuri. Alikuwa akifanya kazi usiku, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anapuliza bomba la ogani na kupima kwa saa inachukua muda gani sauti ififie. Kila mito ilipoongezeka, sauti ilififia haraka zaidi. Elimu hiyo ilitumika kujenga Symphony Hall ya Boston iliyofunguliwa mwaka 1900. Naam, mito ilisaidia sana, kwa watu waliokaa ndani ya ukumbi. Kwa hiyo sponji ya studio ina kazi yake halali: kutuliza chumba ili maikrofoni ipokee sauti safi. Kumuuzia mtu sponji hiyo azuie ngoma ni kama kubadilisha rangi za ukurasa wa tovuti ukisema umeongeza kasi ya seva.

Hata hiyo kazi ya kufyonza, sponji nyembamba haiwezi kuifanya kwa ngoma ya kanyagio. Sauti ya Hezi 60 ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 5.7. Ili kifyonzi laini kilicho ukutani kilishike vizuri wimbi kama hilo, kinahitaji unene wa karibu robo yake, yaani mita 1.4. Sponji yako ina sentimita 5. Wimbi hilo halijui hata kama kuna kitu kimebandikwa.

Kinachozuia sauti ni mambo matatu: uzito, kuziba, na kutenganisha. Tuyachukue moja moja.

UZITO

Sauti ikitaka kupita ukutani lazima iutikise ukuta. Ukuta mzito ni mgumu kutikisika. Basi. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata takriban desibeli 6 zaidi, na hizo ni za vitabuni. Kwenye mjengo wa kweli huwa pungufu.

Sasa fanya hesabu ya trei. Trei ya mayai 30 ni karatasi iliyopondwa, na ukifunika mita mraba moja unapata uzito usiofika kilo moja. Sponji ya sentimita 5 ni kama kilo moja na nusu. Ukuta wa tofali la simenti lisilo na tundu, unene wa sentimita 15, una takriban kilo 300 kwa kila mita mraba. Umeongeza kilo moja na nusu juu ya 300. Kwa kanuni hiyo ya uzito umepata chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli. Sikio la binadamu haliwezi kuisikia tofauti hiyo, na yule muuguzi hakuisikia.

KUZIBA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa sauti ni kali zaidi: usipoziba ufa, hata ukijenga ukuta umepoteza pesa.

Desibeli inapanda kwa namna ambayo wengi hawaielewi. Kila desibeli 10 ni nishati mara kumi. Ukitaka kupunguza desibeli 20, sehemu moja tu kati ya 100 ndiyo inaruhusiwa kupita. Ukitaka 60, na drami inahitaji karibu na hapo, basi ni sehemu moja kati ya milioni moja. Milioni! Tuseme ukuta wako wenye mlango ni mita 3 kwa 2.4, yaani mita mraba 7.2, na chini ya mlango kuna nafasi ya sentimita moja kwa upana wa sentimita 90. Nafasi hiyo ni kama sehemu moja kati ya 800 ya ukuta. Hata ungejenga kwa zege la unene wa mita nzima, ukuta huo hautapita desibeli 29 hivi, kwa sababu sauti itapita chini ya mlango ikiuacha ukuta wako wa fahari umesimama.

Tundu la waya wa umeme, dirisha la vioo vya kupindua, pengo kati ya ukuta na mabati, yote ni milango iliyo wazi. Mtu wa kompyuta anaelewa haraka: huwezi kujisifia usalama wa seva yako wakati umeacha mlango mmoja bila nywila.

KUTENGANISHA

Hapa ndipo nilipoanguka kabisa Kasarani. Ngoma ya kanyagio haikumfikia yule mama kwa kupita ukutani. Ilishuka kwa miguu ya drami hadi sakafuni, sakafu yangu ni dari yake, na slabu ikatetemeka kama ngozi ya ngoma nyingine. Hata ningebandika trei ngapi ukutani, njia yenyewe ilikuwa sakafu. Niliziba dirisha wakati mwizi anapita mlangoni.

Dawa ni chumba ndani ya chumba: sakafu ya pili juu ya raba, kuta za pili zisizogusa za kwanza, dari ya pili inayobebwa na kuta za ndani peke yake. Msumari mmoja unaounganisha vyumba viwili ni daraja la sauti. Na kuna mtego: kuta mbili zenye hewa katikati ni kama mizigo miwili yenye springi, na ina mtetemo wake ambapo inafanya kazi vibaya kuliko kawaida. Kuta mbili nyepesi za kilo 20 kwa mita mraba kila moja, zilizoachana kwa sentimita 10 za hewa, hutetemeka hivyo kwenye Hezi 60 hivi, pale pale inapolia ngoma ya kanyagio! Kwa hiyo usinakili tena kutoka kwa mtu aliyejenga kwa ajili ya gitaa. Fanya hesabu yako.

KABLA HUJABANDIKA SPONJI, SOMA HAPA

Mpaka sasa nimezungumzia pesa na usingizi. Kuna jambo zito zaidi. Sponji ya kawaida ya poliyurethani inashika moto haraka na moshi wake unaua.

Tarehe 20 Februari 2003, huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa kuzunguka jukwaa la klabu ya The Station. Watu 100 walikufa. Sponji ile iliwekwa kwa sababu majirani walikuwa wakilalamikia kelele. Tarehe 27 Januari 2013, klabu ya Kiss katika mji wa Santa Maria, Brazili, kisa ni kile kile, fataki na sponji ya sauti darini: watu 242. Tarehe 30 Oktoba 2015, klabu ya Colectiv, Bucharest, Rumania: hatimaye watu 64. Mabara matatu, miaka 12, sponji ile ile.

Utasema, mimi sina fataki chumbani. Je, huna ekstensheni iliyobebeshwa amplifaya, taa na chaja? Huna mshumaa umeme ukipotea? Chumba cha mazoezi ni kidogo, mlango ni mmoja, na aliye ndani ana vipokea sauti masikioni, hasikii anayemwita. Anayekuuzia godoro likatwe vipande ubandike dari nzima, muulize kwanza likishika moto linafanyaje. Asipojua, ondoka dukani.

NILICHOFANYA

Sasa tunaishi Juja, nyumba ya chini, na uani kuna stoo ya mawe ya kuchongwa. Kabla ya kununua hata msumari nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Kasarani: nilipima. Binamu yuleyule alipiga drami ndani ya stoo tupu, mimi nikasimama kwenye ua wa jirani, mita 6. Ndani ilikuwa desibeli 106, uani 79. Najua simu si kipimo cha maabara, lakini simu ileile, mahali palepale, inatosha kuonyesha tofauti ya kabla na baada.

Kisha nikaziba dirisha kwa tofali. Chini ya mabati nikaweka tabaka mbili za chipbodi, maana mabati ni mepesi na stoo nzima ilikuwa inavujia juu. Ndani nikasimamisha fremu ya mbao isiyogusa mawe popote, nikaacha sentimita 15 zilizojazwa pamba ya mawe, ile wanayofunikia mabomba ya moto viwandani, ambayo haishiki moto. Kuta za ndani ni tabaka mbili za bodi ya jipsamu, dari tabaka tatu, maungio yakipishana, na kila pembe nimeijaza mastiki isiyokauka ikapasuka. Sakafu ni plaiwudi mbili juu ya vipande vya raba. Milango ni miwili, mmoja kwa kila chumba, ya mbao nzito yenye raba pande zote nne, na yote inafunguka kwa nje bila kufuli la ndani.

Wengi husahau hewa. Chumba changu cha ndani ni mita 3 kwa 2.6 kwa 2.3, karibu mita za ujazo 18. Ukikiziba ipasavyo, mpiga drami mmoja anayetoka jasho atapandisha hewa chafu ya kaboni kutoka 420 hadi zaidi ya sehemu 2,000 katika milioni ndani ya saa moja, kwa hesabu yangu. Kichwa kitauma na usingizi utakuja. Kwa hiyo nimejenga masanduku mawili ya chipbodi yenye njia ya kona kona iliyotandikwa pamba ya mawe, moja la kuingiza hewa kwa feni ndogo, jingine la kuitoa. Hewa inapinda kona bila shida. Sauti kila kona inapungua.

Mwishoni kabisa, baada ya yote hayo, ndipo nikaweka vifyonzi ndani: pamba ya mawe sentimita 10 ndani ya fremu zilizofunikwa kitambaa. Hivi ni vya masikio yangu, si vya jirani. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza mwisho wa saa 8 kwa desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unagawanywa kwa mbili. Kwa desibeli 100 una dakika 15 tu. Drami kwenye chumba kidogo ni zaidi ya hapo, kwa hiyo navaa vizibo vya masikio kila siku na wewe uvae.

Gharama yote ni shilingi 168,000 bila kuhesabu kazi yangu. Matokeo: ndani 105, kwenye ua wa jirani 47. Kutoka 79 hadi 47. Jirani ni mzee mstaafu. Nilipiga dakika kumi, nikatoka nikampigia simu, "Mzee, umesikia?" Akaniuliza, "Ulikuwa umeanza?" Nikafurahi mpaka siku ya pili aliponiambia kwamba akiwa kitandani anaisikia ngoma ya kanyagio kwa mbali sana.

Naandika hilo kwa sababu sitaki nami niwe muuzaji wa uongo. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mtetemo uliozidi ziliweka kwa makazi kiwango cha nje cha desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo unaanza saa mbili. 47 inapita mtihani wa mchana. Mtihani wa usiku ninaanguka, pamoja na shilingi 168,000 zangu. Kwa hiyo saa moja jioni naweka vijiti chini. Na Katiba ya 2010 iliweka udhibiti wa kelele mikononi mwa kaunti, kwa hiyo usiseme kwamba mambo haya ni ya watu wa Nairobi tu.

MAJIBU KWA WANAOJIANDAA KUNITUKANA

Wa kwanza atasema: "Mimi nilibandika na nikasikia tofauti." Ulisikia ukiwa wapi? Kama ulikuwa ndani, ulisikia mwangwi umepungua. Nenda kwa jirani.

Wa pili atasema: "Mbona studio zote zina sponji?" Zina, na nyuma ya sponji kuna ukuta wa pili, mlango wa pili na sakafu inayoelea ambavyo havionekani kwenye picha. Ulinakili kile kinachoonekana. Ni kama kunakili ukurasa wa benki ukidhani umepata benki.

Wa tatu, na huyu namheshimu, atasema: "Sina 168,000 na nimepanga nyumba ya kuta za pamoja." Ndugu yangu, usijenge. Nasema kweli. Kwenye orofa ya kupanga huwezi kuongeza tani za mawe, na mwenye nyumba hatakuruhusu. Nunua ngozi za wavu na matoazi yenye matundu, au pedi za mazoezi. Hata drami za umeme, kumbuka kanyagio lake bado linagonga sakafu, kwa hiyo liweke juu ya jukwaa la bodi mbili zenye mipira ya tenisi katikati. Kisha muulize jirani wa chini analala saa ngapi. Swali hilo ni la bure na mimi sikuliuliza. Kwa ngoma zenyewe, omba ukumbi: kanisa lenye drami mara nyingi huwa tupu siku za wiki, na wazee wa kanisa huongea na mtu anayekuja kwa adabu.

Wa nne atasema: "Hapa ni mtaani, watu wazoee kelele. Matatu zinapiga, baa zinapiga, makanisa yanapiga." Huyu ndiye hasa ninayegombana naye, kwa sababu nilikuwa yeye. Kelele ya mwingine haikupi wewe haki ya kuongeza yako. Mtu aliyelala mchana kwa sababu usiku aliwaangalia watoto wa watu wodini hana njia ya kuzoea. Anachoka tu, halafu jioni anavaa sare anarudi kazini hivyo hivyo.

Na nyinyi wenye maduka, acheni kuandika "haipitishi sauti" juu ya kitu ambacho mtu akikipulizia mdomo pumzi inatokea upande wa pili. Jaribio hilo lifanyieni hapo hapo kaunta. Kama pumzi inapita, sauti inapita. Andikeni "hupunguza mwangwi". Itauzika tu, maana wenye studio wanaihitaji.

Kabla hujanunua chochote, fanya hivi wikendi hii. Mpe mtu vijiti, mwambie apige kama wewe unavyopiga. Shuka, bisha hodi, omba ruhusa ya kukaa dakika tano kwenye chumba anacholala jirani yako. Funga mlango, usiseme neno, sikiliza. Ukitoka hapo utajua unahitaji ukuta wa aina gani, au kama unahitaji kuuza drami ununue gitaa.